Mlinzi Aliyeutazama Ukuta

Jumaa Shee alikuwa mlinzi mzuri, na asiyeamini na aende akaulize. Kwa miaka minne alisimama katika jumba la makumbusho mjini Saint Paul, na mbele yake hakuna kioo kilichopata hata alama ya kidole. Watoto wa shule walimwogopa kwa lile jicho lake tu, hana haja ya kufungua mdomo. Kwa hiyo mwaka 2007, yalipokuja maonyesho ya vitu vya Warumi na kampuni ya walinzi ikatakiwa kutoa mtu wa kukiangalia chumba cha mwisho, chumba chenye mambo, hawakuhangaika. Walimtaja Jumaa.

Na kazi yenyewe aliitaka, tena sana. Alikuwa mtu wa Mombasa, wa Kibokoni hasa, aliyeletwa Minnesota na bahati nasibu ya grini kadi akiwa kashaota mvi mbili tatu na hajaoa. Mwaka wa pili akarudi nyumbani, akamwoa Fathiya, akakaa naye muda wa kuzoeana tu, kisha akarejea huku kuanza taratibu za kumleta. Waliomtangulia wakampa moyo: mwaka mmoja, ukizidi mwaka na nusu. Mwaka na nusu, wapi! Miaka ilikwenda mpaka ikatimia sita, na katika hiyo sita Jumaa alimwona mkewe mara moja, kwa likizo. Sasa hatimaye ubalozi wa Nairobi ulikuwa umempa Fathiya siku ya mahojiano, mwezi wa Desemba, na jambo ambalo lingetazamwa kabla ya yote ni kama mume ana kazi, na kama siku hiyo bado anayo. Mume hana kazi, mke haji. Ndiyo hiyo tu, haina tafsiri nyingine.

"Yakhe," Salmin alimwambia, "mpaka Desemba wewe usikohoe hata ukipaliwa."

Salmin alikuwa mwenyeji wa Malindi, dereva wa teksi za uwanja wa ndege, na ndiye aliyekuwa akikaa naye fleti moja huko Columbia Heights. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hapo alisema kweli, na Jumaa akayashika.

Kabla maonyesho hayajafunguliwa, walinzi wote walitembezwa wajue wanalinda nini. Aliyewatembeza alikuwa kijana wa miwani, mwenye kuipenda kazi yake mpaka mate yanamtoka. Akawaeleza kwamba kulikuwa na mji wa Warumi chini ya mlima. Mlima ukaripuka, ukamwaga majivu ya moto, na mji ukafukiwa wote na watu wake kwa siku moja. Ukalala chini ya ardhi karne na karne, watu wakalima juu yake bila kujua, mpaka walipokuja wachimbaji kuufukua chumba baada ya chumba. Vilivyotoka huko ndivyo hivi sasa vimesafirishwa mpaka huku, vimewekwa chini ya taa.

Jumaa alifuata nyuma kabisa pamoja na Peris Wambui, mama wa Nakuru aliyekuwa akisimama mlango mkuu kukagua tiketi na mikoba. Hao wawili walikuwa wakitaniana tangu siku ya kwanza walipogundua kwamba wote wametoka Kenya na hakuna jambo hata moja wanalokubaliana.

Walipofika penye kabati la vyakula, Jumaa alisimama. Ndani mlikuwa na mkate mzima, wa mviringo, umeungua ukawa mkaa, na alama za kukatia zinaonekana waziwazi.

"Mkate wa mofa huu," akasema.

"Aki Jumaa wewe! Kila kitu kwenu Mombasa ni chakula."

"Utazame basi. Yule aliyeuoka alikuwa ameshaukata tayari kwa wageni."

Peris akautazama, na hakumtania tena. Mkate uliokatwa na usiliwe si jambo la kuchekea sana.

Mbele ya kabati hilo palikuwa na nyumba. Si nyumba nzima, ni mfano wake wa mbao uliofunguliwa juu, pamoja na vipande vya kuta za kweli vyenye picha za ndege na matunda. Hapo ndipo Jumaa alipochangamka. Nje ya nyumba kulikuwa na baraza ya mawe ya kukalia wageni. Ukiingia, ukumbi. Ukipita ukumbi, kiwanda, ua mdogo wa ndani, kilicho wazi kwa juu na birika la maji ya mvua katikati, na vyumba vyote vimekizunguka, vya ndani zaidi vikiwa vya wenye nyumba. Ukutani mna zidaka za kuwekea taa. Akamshika Peris mkono wa sweta.

"Hii nyumba ya bibi yangu hii! Wallahi, hapa ndipo alipokuwa akiweka marashi, na hapa ndipo tulipokuwa tukichapwa."

"Kwani hawa Warumi walitoka Mombasa?"

"Pengine walipita, wakaona baraza zetu, wakaiga."

"Wacha uongo, wewe mtu bure kabisa," Peris akasema huku akicheka, na kijana wa miwani akageuka kuona nani anacheka.

Jumaa aliingia chumba cha mwisho akiwa bado na furaha ile usoni. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi, na taa zilimulika chini tu. Chini walikuwako watu.

Kijana akaeleza kwa sauti ya taratibu. Majivu yaliwafunika watu hawa walivyo, yakagandamana. Miili ikaoza, ikaisha, pakabaki uwazi ndani ya ardhi wenye umbo la kila mtu. Wachimbaji wakamimina plasta ndani ya uwazi ule, ikashika, wakavunja udongo wa nje, na mtu akatoka kama alivyolala siku ile ya mwisho. Mmoja alikuwa mwanamume aliyekaa chini, magoti kifuani, mikono usoni. Kulikuwa na mbwa aliyejipinda, na ukosi wake shingoni. Na kulikuwa na mwanamke, amelala kifudifudi, uso kauficha ndani ya mkono, na nguo zimempanda mpaka kiunoni.

Hakuna aliyemfunika. Wachimbaji hawakumfunika, waliomleta hawakumfunika, na taa ilimpiga pale pale.

Nafasi ya mlinzi ilikuwa imetiwa alama sakafuni kwa utepe, karibu na mlango wa kutokea. Jumaa aliposimama juu ya utepe ule akaona kwamba yule mwanamke yuko mbele yake sawasawa, yeye na hali yake. Akajisikia joto la uso. "Astaghfirullahi," akasema chini kwa chini, na akageuka.

Sasa huku watu watasema, haya ni ushamba. Na waseme. Kwao Jumaa, mtu ukikosea njia ukamkuta mwanamke hajajisitiri, unageuka na unakohoa, na kama una adabu huhadithii. Hiyo ni kwa aliye hai, anayeweza kujivutia nguo yake. Maiti ndiyo zaidi, kwa kuwa hawezi. Hata mwanamke akiteremshwa kaburini, naye yumo ndani ya sanda kagubikwa gubigubi, wanaume hushika shuka juu ya kaburi, pembe kwa pembe, mpaka amelazwa, ili jicho la mtu baki lisimfikie. Jumaa alishika pembe moja ya shuka siku alipozikwa mamake. Alikuwa mvulana, shuka ikamlemea, naye analia, na hakuna aliyempokea, wala yeye hakutaka kupokewa. Mtu aliyelelewa hivyo humwambii leo akae kutwa amemkodolea macho mwanamke aliye uchi kwa sababu ni wa zamani.

Siku za mwanzo alijaribu njia nyingine. Aliangalia dari. Aliangalia viatu vya wageni. Alimwangalia mbwa mpaka akamkariri. Lakini jicho ni jicho, linateleza, na kila likiteleza alijiona amefanya kosa. Mwisho akaona heri moja: akaugeukia ukuta, mikono nyuma, akawa analinda kwa masikio. Na masikio yake yalikuwa mazuri, msimdharau. Alijua nyayo za mtu anayesogea karibu mno na kamba, alijua mlio wa kamba yenyewe ikiguswa. Akisikia, husema kwa sauti nzito bila kugeuka, "Rudi nyuma, tafadhali," na watu walishtuka wakadhani ana kamera kisogoni.

Ramadhani ikamkuta mle chumbani. Mtu ana saumu yake mdomoni, ndiyo akatazame mambo hayo? Mwezi huo wote hakugeuka kabisa.

Peris ndiye aliyemgundua. Alishuka siku moja kumpelekea ujumbe wa shifti, akamkuta ameutazama ukuta mweusi kama mwanafunzi aliyepewa adhabu.

"Jumaa, kwani umechapwa?"

"Nenda zako, Peris."

"Haki niambie. Unalia?"

"Silii." Akavuta pumzi. "Ni yule mama."

"Mama gani?"

"Yule pale. Hakujifunika."

Peris akatazama, akamtazama Jumaa, akatazama tena, halafu akashikwa na kicheko mpaka ikabidi ajiegemeze mlangoni. Alicheka, akafuta machozi, akaanza upya. Kisha, alivyomwona mwenzake hajacheka hata kidogo, kikamkatika.

"Aki pole. Mwambie Susan. Anakuhamisha leo leo."

Susan alikuwa supavaiza wao, msichana wa pale pale Maplewood, umri wa mdogo wake Jumaa wa mwisho, mwenye roho nzuri na asiyependa makuu. Kila Jumatatu aliwaambia walinzi kwamba mwenye shida yoyote aje aseme.

"Nimwambie nini?" Jumaa akauliza. "Nimwambie nimeona nini? Susan ni mwanamke, na Kiingereza changu hiki, nianzie wapi?"

"Basi nitamwambia mimi. Na mimi nikae hapa, wewe ukague mikoba."

"Nakuomba kwa Mungu wako, Peris, usimwambie. Desemba imeshafika mlangoni. Mtu akianza kulalamika sasa hivi, atahesabiwa mwenye matatizo, na mwenye matatizo ndiye anayetolewa kwanza. Niache hivi hivi."

Peris akamwacha, lakini roho yake haikupenda, na alimwambia hivyo.

Salmin naye alipoelezwa jioni, hakucheka. Alikasirika. "Plasta, yakhe! Plasta! Ile ya kutilia ukuta! Utampotezea mkeo safari kwa ajili ya plasta?"

"Sanamu hutengenezwa na fundi kwa mawazo yake," Jumaa akajibu. "Huyu hakutengenezwa na mtu. Hilo ni umbo lake mwenyewe, alivyoanguka. Mkono ule aliuweka yeye usoni."

"Na Desemba je?"

"Desemba nitafika. Nimeshasimama miezi, nitashindwa na wiki hizi?"

Ikaja ile wiki ya Oktoba ambayo shule hufungwa siku mbili tatu. Watu walijaa tangu asubuhi, foleni ikatoka mpaka nje, na chumba cha mwisho kikawa na kelele kama sokoni. Masikio ya Jumaa yakazidiwa. Alisikia kicheko cha vijana, lakini vicheko vilikuwa vingi siku hiyo. Hakusikia kamba, kwa kuwa hawakuigusa, waliiruka. Akasikia bibi mmoja akipaza sauti kwa hasira, ndipo alipogeuka.

Kijana wa kofia alikuwa amechuchumaa ndani ya kamba, kando ya yule mwanamke. Mkono wake alikuwa ameuweka pale pasipowekwa mkono, anapapiga, huku mwenzake akimpiga picha na wengine wanakufa kwa kicheko.

Jumaa hakukumbuka Kiingereza hata neno moja. "Toka hapo, mwana kisirani wee! Huna mama wewe? Huna dada? Toka!" Na sauti iliyomtoka ilijaa chumba kizima, watoto wakaanza kulia. Vijana wakaruka kamba wakapotelea kwenye umati. Yeye akabaki amesimama karibu na yule mwanamke kuliko alivyowahi kusimama, na akamwona wote, uso wake umo mkononi vile vile. Hapo ndipo jambo lilipomwingia. Watu wote waliokuja kumtazama hawakumfanya lolote. Yeye aliyekataa kumtazama ndiye aliyemwacha akashikwa. Aliona aibu ambayo hajapata kuiona maishani.

Yule bibi hakumwonea. Alikwenda kwa Susan akasema alichokiona: vijana wameingia ndani ya kamba, na mlinzi wakati huo alikuwa ameutazama ukuta.

Ofisini Susan hakugomba. Alimpa kiti. "Jumaa, ni kweli ulikuwa umegeukia ukuta?"

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwa pale ulimini, na Jumaa akalitazama, akaona haliwezekani. Atamwambia msichana huyu maneno gani, na macho yake ayaweke wapi akiyasema? "Mguu," akasema. "Mguu wangu unauma. Nikigeuka hivyo unapungua."

Susan akautazama mguu. Mguu wa Jumaa haujapata kuuma miaka minne, na wote wawili walilijua hilo. Akamwambia aende nyumbani, kesho asije, mpaka kampuni iamue. Akasema anasikitika, na ilionekana kweli anasikitika, na hilo likamkera Jumaa zaidi.

Akapanda basi la kurudi Minneapolis, akashuka, akapanda lile la barabara ya Central mpaka Columbia Heights, na njia nzima hakuona kitu dirishani. Salmin alikuwa kazini. Jumaa akakaa kitandani na kadi ya simu mkononi. Huko Mombasa, nyumbani kwa kakake Fathiya, watakuwa wameshaswali Isha. Akapiga.

"Fathiya, kazi imeingia matatani."

"Umeiba?"

"Kuiba! Mimi?"

"Umepigana?"

"La."

"Basi umefanya nini, mume wangu?"

Akaanza na mguu. Fathiya akamkata kauli: mguu upi, juzi si alikuwa mzima? Ndipo Jumaa akaeleza yote, tangu utepe wa sakafuni mpaka kijana wa kofia, na kwa mkewe hakupata tabu ya maneno. Alipomaliza hakusikia kitu. Akadhani kadi imekwisha.

"Jumaa," Fathiya akasema.

Mwanamke huyu hakuwa akimwita mumewe kwa jina tupu, na Jumaa akajua mambo yameharibika.

"Watu wote wa mji huo wamepita hapo, na wewe peke yako ukaona yu uchi?"

"Ndiyo."

"Mungu akulipe kwa hilo. Sisemi kwa kejeli, nasema kweli, mwanamume mwingine singemtaka. Lakini limenichoma. Sasa nisikilize, maana na mimi nina langu, na leo nitalisema." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka wa pembeni wamsikie. "Unajua nalala wapi?"

"Chumba cha nyuma. Si ndivyo uliniambia?"

"Chumba cha nyuma amewekwa mtoto wa kaka na mkewe tangu walipooana. Mimi nalala ukumbini, kwenye njia ya kwendea chooni, nyuma ya pazia. Usiku wanapita watoto, wanapita wageni, wanapita marafiki wa mtoto wa kaka waliokuja kutazama mpira. Pazia linapepea. Mwaka wa tatu huu, Jumaa, nalala nimevaa buibui."



"Mbona hukuniambia?" Jumaa akauliza.

"Ningekwambia vipi? Kwamba mkeo analala njiani? Nilikuwa naona haya. Na wewe ungefanya nini, ukiwa huko? Nikasema nivumilie, atanichukua, yatakwisha. Na wewe huko ukaona haya kumwambia huyo supavaiza maneno mawili. Haya zetu hizi mimi na wewe, tukiziendekeza, tutazikwa kila mtu upande wake." Kisha akaanza kulia, kilio cha kuzuia pumzi, cha mtu aliyezoea kulia karibu na watu. Simu ikakatika, na safari hii ilikuwa kweli kadi.

Jumaa akakaa pale pale. Salmin aliporudi alimkuta hivyo, akamwuliza kulikoni, na Jumaa akamwambia kuhusu kazi. La Fathiya hakumwambia. Lakini alikuwa ameshaamua.

Asubuhi, bila kuitwa, akapanda mabasi yake mawili. Kiingereza cha kusema alikifanyia mazoezi tangu Central mpaka Saint Paul, midomo ikicheza, na abiria aliyekaa karibu naye akahama kiti. Susan alikuwa ndiyo kwanza anavua koti.

"Jumaa, nilisema nitakupigia."

"Najua. Nimekuja kusema kweli. Mguu wangu mzima." Akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Yule mwanamke wa chumba cha mwisho yu uchi. Makalio yake yako nje, na nyinyi mmeniweka niyatazame kutwa. Kwetu mwanamume hatazami mwanamke baki aliye hivyo, na akiwa maiti ndiyo kabisa. Nikaona haya, nikageuka. Kosa langu si kuona haya. Kosa langu ni kukaa kimya, na kwa kimya changu akaja mtu akamshika. Nina mke, hajafika, na nikipoteza kazi hatafika. Nakuomba kazi. Popote, lakini si mbele ya yule."

Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya shati na baridi ya Oktoba ile. Susan alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Hakucheka.

"Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Kwa sababu wewe ni mwanamke."

Susan akatoka kupiga simu, akakaa huko muda mrefu, na Jumaa akamaliza dua zote alizozijua. Aliporudi alikuwa na habari. Onyo litawekwa kwenye faili lake, hilo halikwepeki. Na chumba cha mwisho hatakirudia. Atakwenda nje, kwenye kibanda cha maegesho ya magari, kuanzia Jumatatu. Hita ya kibanda kile ilijulikana na walinzi wote kwa uvivu wake.

"Desemba nitakuwa bado na kazi?" Jumaa akauliza.

"Desemba utakuwa umeganda," Susan akasema, "lakini utakuwa na kazi."

Peris alikuwa amemsubiri mlango mkuu, habari ameshazipata, za ofisi zilimfikia kabla hazijatoka ofisini. Akamwambia kwamba chumba cha mwisho amepewa yeye. "Usijali. Nitamwangalia mimi. Mwenye kumsogelea atajua watu wa Nakuru tukoje." Jumaa akamshika mkono, mkono wa kweli, akamshukuru. Laiti angemkubalia mwezi ule alipojitolea.

Nje, kabla ya kuvuka kwenda kituoni, akanunua kadi mpya ya simu, akasimama penye ukuta uliomkinga na upepo. Kwao Mombasa ilikuwa jioni inaingia.

"Wamekufukuza?" Fathiya akauliza, hata salamu hakungoja.

"Niko kazini. Nje kwenye magari, lakini niko."

"Alhamdulillahi." Akashusha pumzi, Jumaa akaisikia yote. "Basi Desemba ipo."

"Ipo, inshallah. Fathiya, hapo ukumbini penye godoro lako, ukuta huu mpaka ukuta huu pana upana gani?"

"Wauliza ya nini?"

"Nampigia seremala sasa hivi, yule wa mtaa wa Kuze. Alete mbao, azibe kwa plaiwudi, aweke mlango na komeo ndani."

"Makubwa! Kaka atasema nini?"

"Kakako nitaongea naye mimi. Nitampigia kabla ya seremala."

"Na watu humu ndani? Wataniona naleta fujo, na mimi ndiyo niko njiani kuondoka. Desemba si nakuja? Mlango wa wiki hizi chache wa nini, mume wangu?"

"Wa leo usiku," Jumaa akasema.

Jumaa akasikia mlio wa pazia kuvutwa kwenye waya wake, na watu wakiongea huko ndani, na mtoto akiuliza shangazi anafanya nini. Kisha akasikia kiganja kikigonga ukuta, na Fathiya akaanza kupima kwa shibiri, akihesabu kwa sauti kubwa, nyumba nzima isikie.